Gamba Moja

Nalinda ghala la zabibu Kizota, upande wa reli.
Rungu, tochi, sweta la mtumba
lenye nembo ya shule nisiyoijua.
Julai, upepo wa Dodoma haubishi hodi:
unaingia na vumbi lake, unakaa kwenye meno.

Sehemu ishirini na nne nilijaziwa kwenye simu
pale Majengo, kwa buku mbili:
katuni ya Wajapani iliyotiwa Kiswahili
na kijana mmoja asiyejua kunyamaza.
Farasi akikohoa, anasema. Mwezi ukitoka, anasema.
"Dada mkubwa kanuna tena, wapendwa watazamaji,"
ndivyo alivyonitambulisha kwa Sayugi.

Sayugi hulinda lango la daraja
kati ya walio hai na ukungu.
Mlinzi mwenzangu, basi, ila yeye ana upanga
na mimi nina mshahara, ukitoka.
Kila neno analolimeza linaota gamba mwilini.
Alimeza jina la mama yake: gamba kwenye kiwiko.
Alimeza "usiende": bega zima.
Kufikia sehemu ya tisa yamefika shingoni,
yanang'aa kama mabati mapya,
na watu wa daraja wanamsifu: tazameni, hatoboki.

Nilimsifu pia.
Nikasema, huyu ndiye mwanamke.

Sisi huku tuna dawa moja kwa maswali yote.
Hujambo? Sijambo.
Umeamkaje? Salama.
Nyumbani? Wazima.
Hata kwa Kigogo, mbukwenyi, mbukwa,
mlango unafunguliwa na kufungwa kwa pumzi ileile.
Sijambo, yaani sina jambo.
Mimi ninalo. Lina miaka miwili.
Linaitwa Masinga, mdogo wangu,
aliyepanda basi la Chunya kutafuta dhahabu
huku nikimdai elfu saba za tairi la baiskeli.
Neno langu la mwisho kwake lilikuwa "saba".

Sasa, sehemu ya kumi na saba.
Ngome inaungua, Sayugi halii.
Mwalimu wake anamsaliti, halii.
Halafu yule mtoto muuza chumvi, kipofu,
aliyetembea naye tangu sehemu ya nne bila kumwuliza kitu,
anatoa mfukoni ukoko wa wali.
Amemtunzia. Umekauka, umeshika nyuzi za nguo.
"Ulisema unapenda ulioungua."
Aliwahi kusema. Mara moja, kwa hasira, sehemu ya sita.
Nimerudi kuhakikisha.

Sayugi anaushika ukoko. Hauli.
Na mtafsiri, yule kasuku, akanyamaza.
Dakika nzima hakuna mtu wa kunieleza kitu,
upepo tu kwenye bati
na treni ya mizigo mbali huko Zuzu.
Kisha: tik.
Gamba limeanguka sakafuni.

Moja.
Nilirudisha nyuma mara tatu nikihesabu,
nikidhani kioo kilichopasuka kinanidanganya.
Moja tu, la kidole cha mwisho.
Sehemu ya kumi na nane amerudi langoni na mengine yote,
anamfokea mtoto aache kumkanyagia joho.
Lakini kidole kile hakifichi tena.

Saa kumi na mbili Ndahani alikuja kunipokea,
baiskeli yake ikilia mnyororo.
"Hujambo, dada Yuditha?"
Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limeshatiwa kitasa.
Nikalishikilia.
"Nina jambo," nikasema. "Dogo."
Si dogo.
Akanitazama kama mtu aliyedaiwa nauli
juu ya baiskeli yake mwenyewe.
Kisha akateremsha stendi kwa mguu,
akageuza kreti tupu, akakaa,
akanisukumia la pili.

Sikujua lianzie wapi.
"Elfu saba," nikaanza.