Ngoma Mbili za Nyuma

Gari ni Starlet, rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai.
Mwenyewe ni Chelimo, mkunga wa Kapchorwa.
Siku aliyonifikishia hapa Mbale, nyuma ya stoo ya saruji,
aliteremka bila salamu.
"Wandeba, jana pale Sipi nilikanyaga
hadi kisigino kikaomba radhi. Gari halikusikia."

Nikajua kabla sijapiga jeki.

Ngoma ya ngozi ukiipasha moto hukaza:
wapigaji wetu, mwaka wa imbalu, huielekeza
kwenye majani makavu ya migomba yanayowaka
mpaka ilie kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Ngoma hii ya chuma ukiipasha moto husahau.
Hutanuka, ikaviacha viatu vyake vikipapasa,
na mteremko wa Sipi haumngoji mtu akumbuke.

Nilimwambia kweli, maana mkunga hadanganyiki:
breki za mbele ndizo zenye mzigo,
za nyuma ni wasaidizi tu.
Viatu vipya, oili mpya, shuka kwa gia ya pili, utafika.
Akasema, "Siti ya nyuma palikuwa na mama,
uchungu umeshamshika.
Nataka diski."

Basi, diski.

Kisekka walituma kwa basi la usiku,
ndani ya gunia lililonuka vitunguu:
diski mbili, pedi, kalipa ya kushoto,
na kalipa nyingine. Nayo ya kushoto.
Ukiilazimisha upande wa kulia
tundu la kutolea hewa linabaki chini,
na hewa ina tabia ya uongo, hupanda juu.
Nilicheka. Halafu nikapiga simu, sikucheka.
Siku tatu Starlet ilikaa juu ya magogo,
kuku wa jirani akataga chini yake.

Kutu ilikuwa imeoa bolti, ndoa ya kanisani.
Dizeli, nyundo, tochi ya gesi, matusi ya Kigisu,
mwisho zikaachana.
Gidudu wa mashine akanikatia vishikio,
bamba la milimita kumi;
cha kwanza kikakosea kwa milimita mbili tu,
diski ikasaga kalipa, ikalia kama paka mlangoni.
Tukarudia. Milimita mbili, kule mlimani, ni bonde zima.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili.
Wengine nawaitia: kanyaga! shika! achia!
Lakini kijana wangu Kuloba hasikii
tangu ile homa akiwa na miaka minne.
Huvua ndara, huweka unyayo mtupu kwenye pedali,
nami nikiwa chini nagonga bodi kwa spana namba kumi.
Ko: kanyaga.
Ko-ko: achia.
Povu likatoka kwenye mpira, likaingia chupa ya soda,
povu, povu, kisha oili safi yenye rangi ya asali changa.
Kuloba alichungulia akaniinulia kidole gumba
kabla sijagonga mara ya mwisho.
Mguu wake ulishaniambia: pamekaza.

Kebo ya hendibreki ndiyo iliyonitesa.
Ilikuwa fupi, nikaiunga; ikawa ndefu, nikaikata.
Siidai sifa hapo.

Tulishuka Sipi sote watatu, asubuhi yenye ukungu.
Kona ya kwanza Chelimo alikanyaga kwa woga,
ya pili kwa hasira,
ya tatu alikanyaga tu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.
Nikashuka, nikatemea mate diski ya nyuma.
Yakachemka, yakapotea. Diski ikabaki na akili zake.

Ngoma moja mke wangu ameifanya jiko la kuchomea mahindi.
Ya pili ipo hapa, nawekea nati.

Chelimo alilipa laki nne, nyingine akasema mwezi ujao.
Juzi nilipita zahanati yao kumkumbusha deni.
Starlet imeegeshwa mlimani, hendibreki imevutwa hadi juu,
na nyuma ya gurudumu
jiwe lake lile lile.