Viungo

Baba hupima joto la tanuri kwa mate:
hutema kidogo kwenye chuma, husikiliza.
"Bado," husema. Au: "Sasa."
Kipimo kipo ukutani, kilikufa mwaka wa mafuriko,
na Velayudhan, fundi wetu, haulizi tena.

Hapa Kottayam, nyuma ya kituo cha malori,
tunavisha ngozi mpya matairi yenye kipara.
Mvua ya Juni ipo batini wiki ya tatu,
mashati yanaota ukungu kambani,
na kiberiti,
si kile cha njiti, ule unga wa manjano,
harufu yake huingia mpaka ndani ya chai.

Nilikuwa na miaka tisa aliponionyesha.
Alichovya kidole katika utomvu wa alfajiri,
mweupe, mlegevu, usio na mfupa.
"Huu ni umati wa sokoni," alisema.
"Warefu wote, wanateleza, wanapishana,
hakuna anayemjua mwenzake.
Ukiuvuta, unakuja. Ukiuachia, haukumbuki kwao.
Juani unanata kama mdai,
baridini unavunjika kama kigae."
Akatia unga wa manjano, akafunga mlango wa chuma.
"Sasa kiberiti kinapita katikati,
kinamshika huyu mkono, na yule mkono.
Kiungo kimoja hapa, kingine kule, basi.
Wakivutwa watakwenda. Wakiachiwa watarudi nyumbani."

"Ukitia kingi?"
Akaniokotea kipande kwenye pipa la makosa:
cheusi, kigumu kama kwato,
hakikupinda hata nilipokipanda kwa miguu miwili.
"Hawa wameshikana mno," alisema.
"Hawana pa kuchekea."

Mwaka huu vidole vyake vimeanza kukataa.
Kwanza kifungo cha shati.
Kisha sarafu ya rupia iliyoanguka sakafuni,
ambayo aliikanyaga ili tusione.
Daktari Shylaja akamwambia, "Unganisha viganja,
kama unasali."
Baba, aliyesali kabla hajajua kusoma,
akaunganisha.
Vidole vilikutana nchani tu.
Kati ya viganja pakabaki uwazi,
kama mlango wa banda la njiwa,
na mwanga wa dirisha ukapita humo.

"Ni sukari," daktari alisema. "Miaka ishirini damuni.
Inatembea kwenye nyuzi za kolajeni bila haraka,
inafunga uzi huu na ule
mahali ambapo hakuna aliyeomba fundo.
Ngozi inakuwa nta. Kano zinasahau kurefuka."

Baba akacheka, mara ya kwanza wiki ile.
"Kumbe napikwa!"
"Kwa joto la mwili tu, Kuruvilla."
"Digrii thelathini na saba," alisema, fundi kwa fundi.
"Moto mdogo. Ndiyo maana imechukua miaka."

Mimi ndiye niliyeuliza dawa ya kufungua.
Daktari alizungusha kalamu.
Ya kuzuia mengine yasifungwe, alisema, ipo.
Baba akaniangalia kama anavyomwangalia mteja
anayetaka tairi lake lirudi kuwa maziwa.
Samaki hukunjwa angali mbichi, najua.
Sikujua kwamba damu nayo ni jua la kukaushia.

Usiku Mama Aleyamma anaponda viungo,
pilipili manga, iliki, mdalasini,
kisha anaosha mikono, anapasha mafuta ya nazi
na kushika viungo vingine,
kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba cha kushoto,
anavivuta kama anayemvua mtoto soksi.
Hawasemi kitu. Redio inasoma bei ya mpira.
Imeshuka tena.

Leo tairi la lori la Chackochan limetoka, linafuka.
Baba aliweka dole gumba juu ya ngozi mpya,
akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.
Hakupata habari yoyote.
"Njoo wewe," alisema, bila kugeuka.
"Bonyeza. Linarudi?"

Nilibonyeza. Lilikuwa la moto kuliko nilivyodhani.
Lilinisukuma kidogo, kama mtu aliyeamshwa.

"Linarudi."