Bamvua la Agosti

Mimi ndiye niliyeandika kile kijitabu:
"Corvelo, ufukwe bikira, usiku usiolala."
Meya Eladio alikisoma kwa sauti mezani kwangu,
akakipangusa vumbi lisilokuwepo,
akasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wenyeji tulikuwa mia tatu na kumi na mmoja,
ukimhesabu Remixio aliyelazwa Santiago.
Wageni walikuja elfu tisa.

Jukwaa lilifika kwa malori saba.
Walilisimamisha kwenye mchanga wa mashariki,
pale ambapo mama na wenzake arobaini
kila maji yakipwa huinama na reki
kuchokoa kome,
migongo juu, kama vikombe vilivyofudikizwa.
Fundi wa jukwaa alikuwa na kalenda ya wasanii,
ya magari, ya bia, ya polisi, ya vyoo.
Ya mwezi hakuwa nayo.

Mama anayo, ubavuni mwa jokofu,
imetobolewa na sumaku ya kutu.
"Jumamosi ni bamvua," alisema. "Waambie."
Nikaandika kwenye karatasi.
Karatasi nikaiweka chini ya kikombe cha kahawa.
Kikombe nikakisahau.

Kitanda chake alikikodisha, euro tisini kwa usiku,
mwenyewe akalala jikoni, kwenye benchi, na paka.
Nikamwambia: mama, hata baba alipofariki
kitanda hicho hukukihama.
Akasema: baba yako hakuwa analipa.

Ijumaa besi ilipoanza
sahani kabatini zilitembea,
moja moja, kuelekea ukingoni.
Mama alizirudisha, zikatembea tena.
"Na kome wanasikia," alisema.
"Kome akiogopa hupiga mbizi mchangani.
Huyu wa leo utamfuata mpaka Ureno."

Jumamosi, saa tisa na robo usiku,
bahari ilikuja bila tiketi.
Haikukimbia, haikupiga kelele,
ilipanda tu, kama mtu anayepandisha ngazi za nyumba yake.
Ikalowesha nyaya, ikanyanyua makreti,
ikaingia chini ya jukwaa na kukaa.
Taa zikazima. Spika zikakata neno katikati.
Watu elfu tisa, maji magotini,
wakasikia kwa mara ya kwanza
mahali walipokuwa.
Kisha mmoja akacheka, na wote wakacheka,
na nikaona haya, sijui kwa niaba ya nani.

Asubuhi maji yalitoka mbali kuliko desturi,
mpaka kwenye miamba ambayo mimi huiona mara mbili kwa mwaka.
Mchanga ulikuwa umefunika mchanga.
Viatu, vikombe, bangili za kuingilia,
na chini yake kome, wakikosa pumzi.

Mpangaji wa kitanda alitokea mlangoni,
Joris, wa Ghent, nywele za kijani, macho ya samaki,
akauliza kama kuna kahawa.
Siku yake ya pili ilikuwa imekwisha.
Mama alimpa kahawa kwa mkono wa kushoto,
kwa wa kulia akampa reki.

Alifanya kazi saa mbili na dakika kumi.
Nilimtazama akijifunza mgongo wake mwenyewe.
Alipojinyoosha aliuliza kilo moja inauzwaje.
Mama akamtajia.
Akanyamaza, akihesabu kwa midomo,
kisha akatazama nyumba yetu, dirisha la chumba,
na nikajua amefika kwenye ile tisini.
Hakusema kitu. Mama naye hakusema.
Aliokota kome mmoja mdogo kiganjani mwake
akamzika upya kwa kidole gumba.

Sasa ni Februari.
Meya anataka neno "bikira" liandikwe kwa herufi nene zaidi.
Nimeliandika.
Nimeongeza pia ukurasa wa nyuma,
safu za tarakimu: saa, dakika, kimo cha maji.
Anadhani ni pambo. Amelisifu.

Mama amekwisha kupokea amana ya Agosti.
Bei imepanda, mia na kumi.
Reki, anasema, ni bure.