Usiteme

Kazi yangu ni kutema.
Misimu kumi na tisa nimekaa ghalani mwa ushirika, Bundibugyo,
kisu mkononi, ndoo miguuni,
napasua punje hamsini za kakao kwa kila gunia,
natafuna moja, naisikiliza, natema.
Ulimi wangu hujua ukungu kabla jicho halijauona,
hujua siki ya punje iliyotolewa sandukuni siku ya nne
huku mwenyewe akiapa ni ya sita.
Watu huniletea kuku.
Kuku nampokea. Gunia nalirudisha.

Jana Kabugho, binti wa mdogo wangu, alishuka kutoka Fort Portal
amekumbatia chupa ya chai,
akaifungua kama muuguzi afunguaye sanduku la chanjo:
barafu, kitambaa, na ndani ya kitambaa
vitonge vya chokoleti nyeusi. Vilikuwa sita,
lakini kona za mlima na jua la saa saba
vimefanya vitano uji.
Kilisalia kimoja, mviringo, kimejaa vumbi la kakao
kama mtoto aliyetoka kucheza uani.

"Mama mkubwa," akasema, "usiteme."

Vumbi kwanza: kavu, chungu, likanikausha mate.
Kisha ganda, jembamba kuliko la yai la kware,
likavunjika, na mlio wake niliusikia ndani ya fuvu,
si sikioni.
Halafu, nisemeje?
Kilikuwa kitu kigumu, kikaghairi.
Kikalegea, kikashuka pande zote za ulimi
polepole, kwa adabu ya mgeni avuaye viatu mlangoni.
Uchungu ulikuwapo, ule ule wangu, naufahamu,
ila umeogeshwa, umepakwa mafuta, umevishwa,
unanisalimia kana kwamba hatujawahi kugombana.
Nyuma yake chumvi kidogo. Ndizi
iliyoiva hadi ganda likawa jeusi.
Na mwisho kabisa, kooni,
uzi mwembamba wa moshi.

Nikafumbua macho.

Moshi ule naujua.
Ni wiki ile ya Oktoba mvua ilipokataa kukoma,
Kule wangu akawasha moto chini ya turubai
kuokoa magunia mawili,
nami, mpasuaji wa haki, mrudisha magunia ya watu,
nikayapasua yetu, nikanusa, nikaandika: safi.

"Wateja wanaupenda huo moshi," Kabugho akasema.
"Wanauliza unatoka wapi."
Nikasema, nani ajuaye.
Ndoo ilikuwa miguuni. Sikuitazama.

Wanasema mwonja asali haonji mara moja,
lakini asali yangu ilikuwa tonge moja.
Nikabaki na kidole gumba, vumbi limeganda kwenye mistari yake.
Mchana kutwa sikukiosha;
nilijaza daftari kwa mkono wa kushoto,
karani akauliza kama nimeumia.

Jioni Kule, ambaye meno yamemwaga moja moja,
alitaka kujua kitu hicho kina ladha gani.
Nikatafuta neno. Ya kasoro ninayo mengi.
La sifa ninalo moja, safi,
nalo nimeshalichafua.
Nikampa kidole.

Akakilamba. Akanyamaza,
akatazama mawingu mahali mlima unapokuwaga.
"Kuni za mparachichi," akasema,
kisha akaenda kufunga mbuzi.