Jumamosi, Kati ya Saa Nne na Saa Kumi

Wageni hutoka saa nne, wageni huingia saa kumi.
Katikati ni mimi, ndoo, na redio ya Bi Gwenllian
isemayo Kiwelisi nisichokielewa,
ila habari za mvua.

Mlangoni mwa friji kuna karatasi iliyovikwa plastiki:
Ngome, maili nne. Ukipanda mnara, shika watoto.
Maporomoko, maili saba, njia ina utelezi.
Treni ya moshi, kila siku isipokuwa Ijumaa.
Machimbo ya zamani, chini ya ardhi: njoo na sweta.

Mwaka wa sita huu naifuta karatasi hiyo kwa siki.
Sijafika hata mahali pamoja.

Lakini niulize.
Ngome naijua kwa upanga wa mbao uliosahauliwa uvunguni,
maporomoko kwa soksi zilizoachwa juu ya hita,
zimekakamaa kama papa mkavu.
Pwani naijua kwa mchanga wa kwenye beseni la kuogea,
nauchota kwa kikombe, haba na haba;
ningeuweka, leo ningekuwa na ufuko wangu
nyuma ya banda la kuni.
Treni ni masizi kwenye foronya:
shavu la mtoto, nusu yake, limelala.
Kuishi kwingi kuona mengi, walinena.
Mimi mengi nimeyaona ndani ya pipa la taka.

Wako wanaowahi. Mvua inawakuta kizingitini,
wananiuliza: wewe mwenyeji, tuanze wapi?
Mwenyeji! Mzaliwa wa Pangani, koti la kuazima.
Nawajibu bila kupepesa:
anzeni ngome, kabla mabasi hayajaja,
na keki ya pale chukueni ya limau,
ile ya kahawa imekauka.
Nani kaniambia? Makombo.

Juni hii familia ya Derby ikavunja safari,
mtoto ana tetekuwanga.
Bi Gwenllian akapiga simu: Saumu, nyumba tupu wiki nzima,
lala hapo leo, mashuka si umeshatandika?
Nikaketi ukingoni mwa kitanda
nilichokitandika mara mia mbili na ushei.
Nikakosa pa kuiweka mikono.

Jumapili nikapanda basi la saa tatu, basi la pekee.
Nilichagua machimbo. Labda kwa kuwa machimbo
hayajawahi kuniletea kitu,
hata chembe kwenye soli ya mtu.
Wakatuvika kofia ngumu. Kijana mwenye taa, Ifan,
akatushusha ngazi mia na kumi,
akasema: sasa nazima.
Akazima.

Giza lile, jamani, halikuwa la usiku.
Usiku una mbwa wa jirani, una ule mwanga
unaopenya chini ya mlango.
Hili lilikuwa giza lisilofutika,
na mimi sijui kitu nisichowahi kukifuta.
Tone likaanguka mahali.
Tukangoja.
Jingine.
Mzee aliyekuwa nyuma yangu akanishika kiwiko
akidhani ni cha mkewe,
nami sikusema neno mpaka taa iliporudi.
Aliona haya. Nikamwambia hapana, hapana,
na kweli sikutaka auachie mkono wangu haraka vile.

Jioni nikarudi na tope la kijivu kwenye viatu.
Nikakanyaga zulia makusudi, hatua tatu,
nikasimama kuzitazama
kama mtu anayetazama picha zake.
Nikaziacha hapo mpaka Jumamosi.

Na kwenye ile karatasi ya friji,
mbele ya neno sweta,
kwa kalamu ya wino usiotoka hata kwa siki,
nimeongeza: mbili.