Mto wa Pili

Sogezeni viti, Jerusa, Khavere, na wewe Penina
uliyekuja na daftari kama karani wa baraza.
Chai ipo. Jua la Migosi bado liko juu ya mabati.
Mnaondoka Mei; mimi nilirudi Septemba
na hadi leo nikiinama kufunga kiatu
sakafu ya jikoni huinuka kunipokea.

Kwanza dawa. Dawa za presha zisipande begi kubwa.
Begi kubwa utalikabidhi gatini asubuhi
na litabisha mlangoni kwako usiku wa manane
likiwa limechoka kuliko wewe.
Dawa, miwani, nguo moja ya ndani:
mkobani, chini ya kwapa.

Chumba msidanganywe na ghorofa ya juu.
Juu ndiko meli inakochezea.
Ombeni chini, katikati, penye kitovu,
na tangawizi mbichi, ile ya Kibuye;
ya kule imekaushwa hadi imesahau kazi yake.

Chakula. Ee, chakula!
Siku ya kwanza nilipakua kama niliyefunga mwezi,
siku ya nne nikaota ugali.
Bwana mmoja wa Eldoret, tajiri wa ngano,
alichomoa kichupa cha pilipili mfukoni
akitazama kushoto na kulia kama anayetoa rushwa.
Nikamwomba. Tukawa marafiki hadi Napoli.

Na saa. Meli haina shangazi bandarini.
Saa kumi na moja ni saa kumi na moja.
Niliona mtu na mkewe wakikimbia gatini
na mifuko ya viatu vipya,
sisi juu tukipiga makofi, Mungu atusamehe,
maji yakipanuka baina yetu.

Bei? Penina, hili liandike kwa wino.
Ukisafiri peke yako unalipia watu wawili.
Miaka kumi na moja tuliweka akiba, mimi na Mwalimu,
shilingi za maziwa, shilingi za miwa ya Muhoroni,
akafa Februari, tiketi ikiwa na majina mawili.
Nikapiga simu. Binti akasema pole kwa sauti ya kinanda,
kisha akasema bei haipungui.
Nikalala wiki mbili kando ya mto wa pili,
mweupe, usio na kunyanzi,
niliolipia kama mtu mzima.

Kijana wa kusafisha chumba, beji yake: Ogweno, Kenya.
Aliniamkia kwa Kijaluo, nikaangusha kijiko.
Mtu wa Seme. Miezi tisa
nchi kavu anaiona kwenye kidirisha cha dobi.
Akaniuliza kama gugumaji limefunga tena Dunga,
kama ngege bado ana bei ya dhahabu.
Jioni hukunja taulo ziwe wanyama,
tembo, bata, nyani wa kuning'inia.
Nikamwambia, nikunjie kiboko.
Akakunja. Akamlaza juu ya mto wa pili
bila kuuliza ulikuwa wa nani.

Kwa hiyo bakshishi: mkononi, ndani ya bahasha, jina lake juu.
Zile zinazokatwa kwenye kadi ni kama maji ya mfereji wa Ahero,
shamba la mwisho hupata tope.
Na kitanda msimtandikie kwa huruma.
Nilitandika siku moja, akaniomba taratibu nisirudie:
msimamizi huhesabu.

Bahari? Jerusa, mbona unauliza kama mtoto.
Niliketi nayo kibarazani, saa nane za usiku.
Ziwa letu, hata usipoona ng'ambo,
unajua huko kuna mtu anakoleza moto.
Kule sikujua kitu.
Nikazungumza na Mwalimu kwa sauti,
nikamweleza soda ni bei gani, akanyamaza
kama alivyokuwa akinyamaza akisahihisha madaftari.
Ushauri wa hapo sina.

Mimina, chai inapoa.
Andika: sindano, uzi mweusi. Vifungo hudondoka.
Na Khavere, wewe unayelala peke yako kama mimi,
siku ya kwanza omba mto wa pili uondolewe.
Au usiombe.
Mimi sikuomba.