Namba Thelathini na Moja

Mwaloni Kirumba, shangazi alinifunza
samaki haulizwi bei kabla ya kufunuliwa shavu.
Jicho hudanganya, alisema, jicho humwagiwa maji.
Nami leo, juu ya duka la vitenge Makoroboi,
nafunua mashavu ya kamera kwenye simu yenye ufa,
mnada umebakiza saa mbili na dakika kumi.

"Nzima kabisa." Sawa. Nani kaijaribu?
"Ya marehemu babu, haijaguswa." Hapo napunguza elfu thelathini:
shata isiyoguswa miaka ishirini hulala na ganzi,
sponji ya mlangoni hugeuka lami,
betri iliyosahaulika hutapika chumvi ya kijani.
Picha tano za mkoba wa ngozi,
hakuna hata moja ya lenzi ikielekezwa dirishani.
Basi ndani mna kuvu, tena imeshajenga.
Na anayejisifu "imetunzwa Mwanza, kando ya ziwa,"
huyo namkata zaidi. Nalipenda ziwa hili,
lakini najua linavyopumua usiku
na kuacha nyuzi nyeupe kwenye vioo vya watu.

Siangalii bei wanazotaka.
Kutaka hakuna dari.
Naangalia zilizouzwa, pale nyundo ilipogonga,
naziandika: tarehe, jina, hali, kiasi, sababu.
Mali bila daftari... malizieni wenyewe.
Halafu naandika kikomo changu, kwa kalamu, si penseli,
kabla dakika ya mwisho haijanipandisha wazimu.

Hii ilitoka Sengerema.
Nyeusi, kona imechubuka hadi shaba ikachungulia,
na kwenye kidirisha cha kuhesabia, namba: 31.
Muuzaji hakuiona, au hakuijali.
Mimi niliiona.
Filamu ya thelathini na sita, zimebaki tano.
Mtu alikatishwa na nini?
Nikaandika elfu themanini na tano. Nikapigia mstari.

Saa nne kasorobo usiku, themanini.
Themanini na tano, yangu.
Tisini.
Kidole kilitua juu ya kioo kama mdudu wa ziwa kwenye taa,
hakikubonyeza, hakikuondoka.
Mia. Mia na ishirini. Mia na arobaini,
imefungwa, hongera kwa mtu asiye na sura.
Nililala nikijiita mwenye busara.
Sikulala.

Jumanne iliyofuata sura ikapanda ngazi zangu:
Bwire, fundi wa injini za boti, Igogo,
grisi kucha zote kumi, kamera ndani ya kipande cha kanga.
"Niambie kweli, nimelipa bei ya haki?
Maana sikununua kamera. Nimenunua hizo thelathini na moja."

Nikashika kitufe cha kurudishia filamu,
nikazungusha.
Kikazunguka chepesi, kama kisima kisicho na ndoo.
Nilijua kabla ya kufungua.
Ulimi wa filamu haukuwahi kushika meno.
Mtu alivuta, akabonyeza, akavuta,
namba ikapanda kama kawaida,
na mara thelathini na moja watu wa Sengerema
waliweka sawa kola, wakanyamazisha watoto,
wakatabasamu mbele ya kitu kisichowatazama.

Bwire alingoja. Nje kipaza sauti kilitangaza soksi, jero jero.
Nilimhesabia: mwili sitini,
lenzi kumi na tano, ina kuvu ukingoni,
filamu haijatumika, weka kumi.
"Na hamsini na tano zilizobaki?"

Nikafungua daftari. Tarehe. Jina. Hali.
Kiasi: 140.
Kwenye safu ya sababu kalamu ikasimama.

Nilipofungua mlango namba ilikuwa imerudi mwanzo.
Bwire akaiinamia, akaung'ang'aniza ule ulimi kwenye meno
kama anayerudisha mnyororo wa baiskeli,
akafunga, akavuta, akatazama kitufe kikizunguka chenyewe.
"Sogea dirishani," akasema, "kuna mwanga."

Nikajikuta naweka sawa kola.